Maombezi yanafupishwa kila Jumapili, matangazo hayafupishwi: kwenu mnafanyaje?

MamaMitumba wa Kibuye (Kisumu)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nauza nguo za watoto za mitumba katika soko la Kibuye, na wanaolijua soko hilo wanajua Jumapili ndiyo siku yenyewe. Wanunuzi hutoka Ahero, Maseno, Luanda na hata Siaya, na ukifungua alfajiri, jioni unaweza kurudi nyumbani na karo mkononi. Mimi Jumapili sifungui. Niliamua hivyo nikiwa msichana, mwaka niliopata kipaimara, na hata baada ya kufiwa na mume wangu sikubadilisha. Kwa hiyo nikiketi kanisani najua nimeacha nini sokoni, na ninachokitafuta pale ni kusali pamoja na wenzangu.

Sisi ni Waanglikana. Katika utaratibu wetu, baada ya mahubiri na Kanuni ya Imani huja maombezi, nami ni mmoja wa wanaopangiwa zamu ya kuyaongoza. Zamu yangu ikikaribia huwa natembea. Napita kwa mama mboga wa pale kona ambaye bintiye amelazwa Russia (walio mbali, ndivyo tunavyoiita hospitali yetu kuu ya Jaramogi). Nauliza vijana wa bodaboda pale Kondele nani ameumia. Mvua ikizidi nauliza habari za Nyando, maana wengi wetu tuna wazazi huko, na mto ukivunja kingo maji huingia jikoni kwao kabla redio haijasema neno. Yote naandika kwenye daftari. Jumamosi usiku nayasoma tena mbele za Mungu, ili kesho yake nisiyatamke kama mwalimu anayeita majina ya darasa.

Jumapili ikifika, mahubiri yakipita wakati wake, anayeongoza ibada ananinong'oneza: "Mama, fupisha, tuwaombee kwa ujumla." Nabaki na dakika mbili. Binti aliyelazwa hatajwi, na mama yake ameketi safu ya tatu akingoja kusikia jina lake, kwa sababu nilimwahidi. Halafu matangazo yanaanza, nayo sijawahi kusikia yakifupishwa: kamati ya ujenzi, kamati ya harusi, ploti inayouzwa Mamboleo, kikundi cha akina baba, mheshimiwa aliyepita kusalimia. Wakati wa ungamo kinanda kinaendelea kulia. Tukikaribia Meza ya Bwana, kijana anayerusha ibada mtandaoni anapita mbele ya watu waliopiga magoti akitafuta picha. Simlaumu kijana, ametumwa.

Nimelalamika, nikajibiwa kwamba mwenye kiu ya maombi aje kesha la Ijumaa. Hilo silikubali. Kesha nahudhuria na nalipenda, lakini ni la wenye nguvu na nafasi. Bawabu wa usiku haji. Mwenye mtoto mchanga haji. Bibi wa Manyatta asiyeweza kutembea gizani haji. Jumapili ndipo sote tunapokuwapo, na ndipo kanisa linapopaswa kuomba likiwa kanisa. Paulo anamwambia Timotheo kwamba dua, sala, maombezi na shukrani zifanyike kabla ya mambo yote, kwa ajili ya watu wote. Kwetu zinafanyika katika nafasi iliyobaki.

Na watu wana kiu jamani. Nendeni Kit Mikayi, kule Seme, mtawakuta waliopanda kwenye yale mawe kufunga na kuomba. Hao hawakukosa makanisa karibu na kwao.

Naomba kuuliza: ndani ya ibada yenu ya Jumapili maombi ya watu wote yamewekwa wapi, na nani anayalinda yasiliwe? Na mnawafundishaje watu kukaa mbele za Mungu kwa kicho bila kuwafukuza vijana? Nijibuni kwa yale mnayoyafanya hasa. Mistari ninayo.

Katekista Kakamega

Tumsifu Yesu Kristo, mama.

Mimi ni Mkatoliki, kwa hiyo utachuja yanayokufaa. Maombezi hayo kwetu huitwa Sala ya Waumini. Kwa karne nyingi yalikuwa yametoweka katika Misa ya kawaida, yakabaki Ijumaa Kuu, mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipoagiza mwaka 1963 yarudishwe. Nakuambia haya usije ukafikiri ni tatizo la kanisa lenu peke yake. Maombi ya watu yanaweza kupotea ndani ya kanisa lenye ibada kila siku, na yanaweza kurudi.

Wala si jambo jipya lililobuniwa na wazungu wa juzi. Justino Mfiadini aliyeishi Roma karne ya 2 ameeleza ibada ya Jumapili ya Wakristo wa wakati wake: maandiko yanasomwa, kiongozi anawaonya watu, kisha wote wanasimama pamoja na kuomba, ndipo mkate na divai vinaletwa. Wote wanasimama na kuomba. Hakuandika kwamba mmoja aliomba kwa haraka wengine wakitafuta sadaka mfukoni.

Kwetu matangazo hayawezi kuyala maombezi kwa sababu hayako karibu nayo. Matangazo huja baada ya sala ya baada ya Komunyo, muda mfupi kabla ya baraka, watu wakiwa wamesimama. Mtu aliyesimama hasikilizi habari za ploti kwa muda mrefu, na msomaji wa matangazo anajua.

Halafu, nia hazitungwi na mtu mmoja. Kila Jumapili ina jumuiya ndogo ndogo yake, kwa zamu, na tuna karatasi iliyobandikwa mlangoni inayoonyesha zamu za miezi mitatu. Jumuiya hukutana katikati ya wiki nyumbani kwa mmoja wao, wanaulizana nani anaumwa, nani amefiwa, nani amefutwa kazi kiwandani, na wanaandika nia nne au tano. Utaratibu ni ule ule wa Kanisa lote: kwanza Kanisa lenyewe, kisha wenye mamlaka na ulimwengu, kisha wenye shida, mwisho watu wa mahali petu. Mimi nazisoma Jumamosi. Nia isiyo na mtu wala mahali ndani yake nairudisha. Wakiniletea "tuwaombee wagonjwa wote duniani" nawauliza, mgonjwa wa jumuiya yenu ni nani? Tena ruhusa huombwa kwanza. Mtu asiyetaka ugonjwa wake ujulikane, tunataja jina tu, na Mungu anajua mengine.

Kuhusu kimya, tulianza na watoto. Padre akisema "Tuombe," hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Tuliwaambia watoto nafasi hiyo ni yenu, kila mmoja aweke ombi lake moyoni, padre anakuja kuyakusanya yote. Sasa ukiongea wakati huo, mtoto wa miaka saba anakugeukia. Wazazi wamefundishwa na watoto wao.

Mwimbishaji Nax

Mama, salamu za heshima kutoka Nakuru. Naongoza sifa na kuabudu katika kanisa la Kipentekoste upande wa Pipeline. Nitatofautiana nawe kidogo, naomba univumilie.

Kwa mambo ya kamera na waheshimiwa niko nawe kabisa. Lakini naona kicho kinapimwa hapa kwa ukimya na kwa kinanda kunyamaza. Daudi alicheza mbele za BWANA kwa nguvu zake zote sanduku la agano lilipokuwa likiletwa Yerusalemu, na mkewe Mikali ndiye aliyemdharau kwa hilo. Kwetu tukiingia katika maombi kanisa zima linapaza sauti, kila mtu na mzigo wake. Hakuna anayeambiwa afupishe. Huyo mama mwenye binti hospitalini angelia mbele za Mungu mpaka amalize, na watu wangemzunguka na kumwekea mikono.

Vijana wengi ninaowaimbisha walilelewa katika makanisa ya kusoma sala kitabuni. Wananiambia walikuwa wakiitikia huku macho yako kwenye simu. Wakija kwetu wanaomba mpaka jasho linawatoka, na mimi siwezi kuliita jambo hilo utovu wa heshima.

Kuhusu kiu umesema kweli. Hapa kwetu watu hushuka hadi kwenye mapango ya Menengai kufunga na kuomba, na nimekutana huko na watu wa karibu kila kanisa la mji huu.

Umeuliza tunafanya nini hasa. Timu yangu hufika Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Vyombo havifunguliwi kwanza, tunaomba. Tunawaombea watakaokuja siku hiyo, safu kwa safu, tukitembea katikati ya viti vitupu tukivigusa. Asiyekuja kuomba hapandi jukwaani kuimba siku hiyo, hata awe na sauti nzuri namna gani. Waimbaji wengine wameniacha kwa sababu ya sheria hiyo na sijaiondoa, kwa sababu sauti ikitangulia moyo, watu wanaondoka wakisifu sauti.

NesiWaZamu

Mimi ni yule asiyeweza kuja kesha. Ijumaa usiku niko wodini, Jumapili natoka zamu saa moja asubuhi nakimbilia ibada ya kwanza, wakati mwingine na sare zangu. Nasinzia kwenye mahubiri, Mungu anajua. Lakini wanaposema "tuwaombee wagonjwa na wanaowahudumia" naamka, kwa sababu nimetoka kumfunika uso mtu saa kumi alfajiri na hakuna mahali pengine pa kulipeleka hilo. Tafadhali mama, msifupishe hapo.

Mzee wa Vihiga

Binti yangu, nawe kijana wa Nakuru, amani kwenu.

Mimi ni Rafiki, yaani wa kanisa la Marafiki (Quakers), mwalimu mstaafu, naishi si mbali na Kaimosi ambako wamishonari wa Marafiki kutoka Marekani walifungua kituo mwaka 1902. Watu wakisikia Marafiki hufikiri tunaketi kimya ibada nzima. Marafiki wa kwanza kule Uingereza, karne ya 17, waliabudu hivyo, na wapo wanaofanya hivyo hadi leo. Huku kwetu Magharibi ibada nyingi zina mhubiri, kwaya na nyimbo. Kimya kimebaki sehemu ndogo, na mahali pengine kimesahaulika kabisa. Mimi nakipigania nikiwa na pumzi.

Kijana, sikukatazi kupaza sauti. Zaburi zimejaa vigelegele. Ila kimya kina kazi ambayo sauti haiifanyi: kinamwondoa kiongozi katikati. Anayeomba kwa maneno mengi mbele za watu hujikuta anawahubiria watu akiwa amefumba macho. Bwana mwenyewe alituonya tusipayuke-payuke tukidhani tutasikiwa kwa wingi wa maneno.

Katika mkutano wetu wa kijiji tunafanya hivi. Anayeongoza anataja jina moja na shida yake kwa sentensi moja, kisha ananyamaza, muda wa kutosha mtu kuvuta pumzi polepole na kumwona mgonjwa huyo moyoni. Ndipo anataja la pili. Mwanzoni watu walikohoa na kutazamana, wakidhani kiongozi amesahau. Leo wanatulia wenyewe. Dakika zako mbili, binti yangu, zinatosha majina matatu kwa namna hiyo. Wakikunong'oneza "kwa ujumla", wewe taja matatu na unyamaze baada ya kila moja. Hakuna atakayethubutu kukukatiza ndani ya kimya.

Lakini niseme na jambo linaloniuma zaidi ya Jumapili. Maombi yamepotea kwenye mazishi yetu. Familia imekaa chini ya hema tangu asubuhi, mwili uko mbele yao, na kipaza sauti kinatoka kwa mwakilishi wa wadi kwenda kwa mbunge, kutoka kwa mbunge kwenda kwa anayetaka kiti cha mbunge. Mhubiri anapewa nafasi jua likienda kuzama. Akifika kwenye sala, nusu ya watu wamesimama kutafuta chakula. Mjane amesikia majina ya vyama vyote vya siasa na hajaombewa. Nimezika ndugu na majirani wengi na hili sijalizoea. Siku hizi nikiitwa kwenye kamati ya mazishi nasema mapema, mbele ya wazee: sala na Neno vitangulie, na kipaza sauti kiwe mkononi mwa mhubiri mpaka jeneza literemke. Familia nyingi hukubali. Zinakuwa zinangoja mtu aliseme.

Nanyi Waanglikana mnalo la kushika. Septemba 2021, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu wa Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza, vigogo wa siasa wakiwa wameketi pale pale, kwamba wanasiasa hawatapewa tena nafasi ya kuhutubia katika ibada zenu. Hilo lilisemwa huku huku kwetu Magharibi. Mheshimiwa akija kusalimia, mkumbushe kasisi wako Butere.

MamaMitumba wa Kibuye (Kisumu)

Nimefunga kibanda mapema leo nipate kuwajibu vizuri. Mungu awabariki nyote.

Kijana wangu wa Nakuru, hukuniudhi hata kidogo. Hilo la kutembea katikati ya viti vitupu na kuwaombea watakaoketi nimelipenda, nalipeleka kwa kwaya yetu lilivyo. Lakini sikia upande wangu. Paulo akiwaandikia Wakorintho habari za kuomba kanisani, sura ya 14, anauliza mtu ataitikiaje Amina ikiwa hajui kilichosemwa. Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Tukipaza sauti sote kwa pamoja, mama yule analia na Mungu anamsikia, sina shaka. Ila mimi niliye nyuma sijui kama ana binti hospitalini. Siwezi kuitikia Amina juu ya binti yake. Jumatatu nitampita sokoni tukasalimiana na nisimwulize kitu. Akitajwa, kanisa zima likaitikia, basi wiki hiyo kuna watu wengi wanaojua kwamba binti yule ni wetu.

Nimeona kwa macho. Kuna Jumapili nilipewa nafasi, nikamtaja kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu, ambaye hata hakuwa mshiriki wetu, mkewe tu ndiye huja. Kabla watu hawajatoka nje akina mama walikuwa wameshapangana nani atapeleka uji na nani atakaa na watoto. Hakuna kamati iliyoundwa. Walisikia, wakaitikia Amina, wakaenda.

Tena si kwamba sisi Waanglikana tunaabudu kwa midomo peke yake. Ile liturujia ya Kenya ya Ushirika Mtakatifu iliyotolewa na kanisa letu mwaka 1989 humalizika kwa watu wote kurusha mikono kuelekea msalabani, wakipeleka huko matatizo yao, taabu zao na kazi za shetani, kisha wanaiinua juu wakiweka matumaini yao kwa Kristo aliyefufuka. Watoto wetu hungoja sehemu hiyo ibada nzima. Sauti ipo, mikono ipo, na kicho kipo, kwa sababu kila mtu anajua anatuma nini pale msalabani. Hapo wewe nami hatuko mbali. Kinanda chako kipige kwa sifa nitacheza, nina magoti mazima bado. Wakati wa ungamo kinyamaze, nisikie ninachomwambia Mungu.

Mzee wangu, ya mazishi umenitoa machozi, kwa maana nilikuwa mjane yule chini ya hema. Nitajaribu majina matatu na kimya zamu yangu ijayo, wakubali wasikubali. Na dada nesi, nimeandika wodi za usiku kwenye daftari, ukurasa wa kwanza.

Baraza letu la kanisa linakutana Alhamisi na nimeomba nafasi. Nitaomba matangazo yahamie mwisho, karibu na baraka, watu wakiwa wamesimama kama alivyosema katekista. Nitaomba maombezi yapewe dakika kumi zisizoguswa hata mahubiri yakirefuka, na kamera isimame mahali pamoja kule nyuma. La kamera wakilikataa nitavumilia. La majina sitaliacha, nitalirudisha kila mkutano mpaka walichoke wao.

Katekista, ile karatasi ya zamu za jumuiya, unaweza kuipiga picha ukaiweka hapa kabla ya Alhamisi? Na kama una nakala ya nia za Jumapili moja, niongezee, ukiwa umefuta majina ya wagonjwa. Wazee wetu wakiona kitu kimeandikwa na kinatumika mahali, hawabishi sana.

Katekista Kakamega

Kesho nikitoka parokiani, mama, zote mbili. Nitakuwekea nia za Jumapili ya pili ya Kwaresima, zile zilizoandaliwa na jumuiya ya wakulima wa miwa. Nyingine zimeandikwa kwa penseli, vuta picha zikuwe.